Bahasha za Mama wa Katekista



Kisa hiki kilitupata sisi watano hapa Tchomia, nasi tumekubaliana kukisimulia kwa sauti moja, ili asitafutwe mmoja wa kubebeshwa lawama peke yake. Maji aliyateka huyu, kuni alizichochea yule, lakini beseni lilikuwa letu sote.

Mama wa Katekista ni mjane. Marehemu mumewe ndiye aliyetufundisha katekisimu sisi, kama alivyowafundisha kaka na dada zetu waliotutangulia. Alipofariki alimwachia mkewe nyumba ya matofali, nyavu kuukuu mbili, na bati la biskuti lililofungwa kwa kamba ya mpira. Bati hilo lina safari zake. Wakati wa vita vya Ituri, vile vilivyoanza 1999 na kufikia ukali wake hapa kwetu 2003, lilifukiwa chini ya mafiga ya jikoni. Mwaka 2018, watu wa Djugu walipoingia tena mitumbwini kwa maelfu, lilivuka Ziwa Albert hadi Sebagoro upande wa Uganda, likiwa katikati ya sufuria na blanketi la mtoto. Wapo waliovuka siku zile bila hata kitambulisho. Yeye alivuka na bati.

Baada ya kurejea alituita. Mjukuu wake alikuwa amefaulu kuingia shule ya sekondari mjini Bunia, na karo haikupatikana. «Wanangu», alisema, «nyinyi mnajua kutafuta mambo kwenye simu. Itazameni hii karatasi ya baba mkwe wangu, mniambie kama ni mali au ni takataka tu».

Baba mkwe wake alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kizungu huko Irumu, zamani zile Irumu ilipokuwa makao ya utawala, kabla Bunia haijaipiku. Tajiri aliporudi kwao, karatasi alizoziona hazina kazi alimwachia mtumishi. Tulihesabu kadi za posta 26, bahasha 12, na stempu chache zilizobanduka zenyewe.

Tuzieleze kwanza kadi, kwa kuwa ndizo zilizotupumbaza. Kuanzia 1912 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilitoa kadi za posta zenye picha za nchi: mito, vijiji, stesheni, watu kazini. Stempu haikubandikwa juu yake, ilichapwa papo hapo kwenye kadi, na kila picha ilipewa namba katika mfululizo. Namba hizo ni mtego. Ukiwa na kadi ya 14 na ya 16, ghafla maisha yako yanapungukiwa na ya 15, ingawa jana hukujua kwamba ipo duniani. Tulizipanga sakafuni kwa namba, na mapengo yakaanza kutuuma.

Kisha mmoja wetu, akiwa amesimama ufukweni anakoshika mtandao, akaja na habari ya Honus Wagner.

Wagner alikuwa mchezaji wa besiboli wa timu ya Pittsburgh Pirates huko Marekani. Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira mdogo, ambao wenzetu wa kule waliupenda tangu zamani kama sisi tupendavyo kandanda. Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco Company ilitia ndani ya pakiti za sigara vijikadi vyenye sura za wachezaji, zaidi ya sura 500 kwa jumla. Leo watozi huuita mfululizo huo T206. Kadi ya Wagner ilisimamishwa mapema kwa sababu mwenyewe hakutaka itolewe. Wengine husema alikataa watoto wasinunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema hakulipwa. Vyovyote iwavyo, kadi zake zinazojulikana leo hazizidi sana 50 au 60, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola za Marekani milioni 7.25.

Milioni saba! Tuliirudia hesabu hiyo tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na hatuoni haya kukiri kwamba usiku ule hatukulala vizuri. Kadi ya mvuta sigara ni ya 1909, zetu ni za 1912, tofauti ya miaka mitatu tu. Tulimwambia Mama wa Katekista kwamba Mungu amemkumbuka. Neno hilo tulilitamka kabla ya kujua lolote, na ndilo lililotuwia zito kuliko yote baadaye.

Katika bati hilo bahasha zilionekana maskini. Zilikuwa za rangi ya majani makavu, zimekunjamana, zina madoa ya moshi wa jikoni, na maandishi yake hatukuweza kuyasoma. Ila 11 kati yake zilibeba stempu nzuri ajabu. Baadaye tulijua kwamba watozi huziita stempu za Mols, kwa jina la Robert Mols, mchoraji Mbelgiji ambaye pamoja na mwenzake Piet van Engelen ndio chanzo cha picha zake nyingi. Zilitolewa kwanza 1894, zikaendelea kutumika kwa miaka mingi zikibadilishwa rangi na maneno. Ipo bandari ya Matadi, yapo maporomoko ya Stanley, upo uwindaji wa tembo, ipo meli ya gurudumu la nyuma. Fremu ina rangi, na picha ya katikati ni nyeusi.

Tulisoma pia kwamba kwa kuwa kiwanda cha Waterlow huko London kilichapa rangi hizo mbili kwa zamu mbili, mara chache karatasi iliingizwa kichwa chini, picha ikatoka imepinduka ndani ya fremu yake. Stempu yenye kosa hilo hutafutwa sana. Basi tuliziinua zetu moja moja kwenye mwanga wa dirisha tukitafuta tembo aliyesimama kwa mgongo. Hapakuwa na hata mmoja. Hata hivyo tuliamua zitolewe kwenye bahasha, zisafishwe, zipangwe vizuri, mnunuzi azione zikimeremeta.

Beseni la maji ya uvuguvugu, dakika 20. Stempu zilielea juu kama majani, zote 31. Tulizitandaza juu ya gazeti zikauke. Bahasha zililainika zikawa kama ugali uliopoa, wino ukachuruzika, na jioni ile ile, zilipokwisha kukauka kidogo, tulizichomea chini ya sufuria ya maharage. Bahasha ya kumi na mbili tuliiacha ndani ya bati kwa sababu haikuwa na stempu. Mahali pake palibaki mraba mweupe tu, stempu yenyewe ilishadondoka miaka mingi iliyopita. Hatukuona faida ya kuilowesha.

Juma lililofuata tulipanda gari kwenda Bunia kumwona mwalimu mmoja mstaafu ambaye tuliambiwa alikusanya stempu tangu ujana wake. Alitupokea kwa chai. Akazitazama kadi kwa kioo cha kukuza, taratibu, akizigeuza pande zote. Akazitazama stempu mara moja. Kisha akauliza swali moja: «Bahasha ziko wapi?»

Hatukumjibu upesi. Alipoelewa, aliweka kioo mezani, akanyamaza muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe. Baadaye alitufundisha, bila kufoka, jambo ambalo tulipaswa kulijua kabla ya kuchota maji.

Alisema kwamba uadimu wa karatasi hauhesabiwi kwa umri. Nyumbani kwake alikuwa na gazeti la miaka 100 ambalo mtu yeyote angeweza kulinunua, kwa sababu kila maktaba ya Ulaya inalo. Wala hauhesabiwi kwa uzuri, maana kitu kizuri huhifadhiwa na wengi, na kinachohifadhiwa na wengi hakipungui. Stempu za Mols zilizotumika zimejaa duniani kwa sababu ambayo sisi Wakatoliki tuna mkono wetu ndani yake: huko Ulaya mashirika ya kusaidia misheni yaliwaomba waamini wakusanye stempu zilizotumika. Zilibanduliwa kwenye bahasha, zikatiwa magunia na kuuzwa kwa kilo, na fedha zikaja kununua dawa na vitabu. Kazi njema hiyo. Lakini katika kila kilo ya stempu iliyouzwa kuna kilo kadhaa za bahasha zilizotupwa. Stempu iliyo peke yake ni kitu cha kawaida. Stempu hiyo hiyo, juu ya bahasha yake, ikiwa na muhuri wa posta ya mbali uliogusa stempu na karatasi kwa pamoja, ndiyo wanayoitafuta watu.

«Mbele ya bahasha», alisema, «upo muhuri wa mahali ilipotoka na tarehe. Nyuma upo muhuri wa mahali ilipofika. Ukitoa hii kwenye ile unajua barua ilitembea siku ngapi kutoka Boma hadi Irumu mwaka ule, kwa meli, kwa treni na kwa miguu ya watu. Hizo siku hazimo ndani ya stempu, wanangu».

Tulimtajia Wagner, kwa nia ya kujitetea. Alicheka kidogo. Kumbe kisa chote alikijua, tena kuliko sisi. Alituambia kwamba kadi ya Wagner iliyo maarufu kupita zote, ile iliyowahi kununuliwa 1991 na mchezaji wa mpira wa magongo Wayne Gretzky na mwenzake kwa dola 451,000, ilikuwa imekatwa kingo. Bill Mastro, aliyeiuza miaka ya nyuma, alikiri 2013 kwamba aliipunguza kingo ili ionekane kali na safi. Watathmini walikuwa wameipa alama ya juu, na kumbe ule usafi ulitoka kwenye mkato. Sisi tulitazamana. Tofauti yetu na Mastro ni kwamba yeye alijua anachokifanya.

Wapo pia, alisema, waliotengeneza uadimu kwa mikono. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yalipoingia Rwanda na Burundi, zilikuwepo stempu za Kongo zilizopigwa juu yake maneno RUANDA na URUNDI, ambazo watozi huziita kwa jina la Jenerali Tombeur. Kwa kuwa ni chache na kilichoongezwa ni neno moja la wino mweusi, walaghai wamezighushi kwa wingi. Mwalimu aliweka kanuni yake hapo: uadimu unaoweza kuongezwa na mtu mwenye kidude cha mpira na wino, utilie shaka kwanza. Kubandua ni rahisi, kuongeza ni rahisi. Kigumu ni kitu kuachwa kama kilivyokuwa.

Tulipenda hasa alichotueleza kuhusu Jefferson Burdick, mtu mmoja wa Syracuse katika jimbo la New York, ambaye ndiye aliyezipa kadi za Marekani majina wanayoyatumia watozi mpaka leo, pamoja na hilo la T206. Hakuwa tajiri, na ugonjwa wa viungo ulimkunja vidole. Mkusanyo wake wa vitu zaidi ya 300,000 aliupa jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Akakaa humo kwa miaka, akizibandika kadi kwenye vitabu vyake moja baada ya nyingine, akamaliza Januari 1963 na kufariki Machi mwaka huo huo. Alizibandika kwa gundi, na watozi wa leo wangelia. Katika orodha yake mwenyewe, kadi ya Wagner aliithamini kwa dola 50. Mwalimu alisimulia hayo kwa upole, kama anayetaka kutufariji kwamba hata aliyependa vitu hivi kuliko wote aliviumiza kidogo.

Kuhusu kadi zetu 26 hukumu yake ilikuwa fupi. Ni halali, ni nzuri, baadhi zina mihuri, lakini za aina hiyo zimebaki nyingi Ubelgiji kwa sababu kadi yenye picha haitupwi, huwekwa kwenye albamu. Alisema tena jambo ambalo hatukulitarajia: uchache peke yake hauleti bei. Kipo kitu kilichobaki kimoja tu duniani na hakuna anayekitaka. Wagner ana wenzake katika T206 walio wachache pia, kama Eddie Plank, lakini hawapigiwi kelele kama yeye. Na kinyume chake, wingi wa jana si wingi wa leo. Mwaka 1960 kampuni ya Topps ya New York ilibaki na masanduku ya kadi za 1952 zisizonunuliwa. Zilipakiwa kwenye chombo zikamwagwa baharini, na sasa mfululizo huo unagombaniwa. Sisi watu wa ziwani tulijaribu kuiona picha hiyo, mali ikimwagwa majini kama samaki waliooza.

Akaitazama mwisho ile bahasha ya kumi na mbili, tuliyoibeba kwa sababu ilikuwa imelala chini ya bati. Hapo ndipo alipovuta kiti karibu na dirisha. Ilikuwa barua iliyotumwa kutoka Irumu kwenda Mombasa mwaka 1921. Mwenyewe hakupatikana, ikarudishwa. Mgongoni ilikuwa na mihuri ya kwenda na ya kurudi, mmoja juu ya mwingine: Butiaba, bandari ile ya ng'ambo yetu ambayo maji ya ziwa yalikuja kuiharibu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Mombasa, kisha Butiaba tena. Mwalimu alitueleza njia ya siku hizo: meli ya Ziwa Albert hadi Butiaba, barabara hadi Masindi Port, meli nyingine katika Ziwa Kyoga hadi Namasagali, treni hadi Jinja, Ziwa Victoria hadi Kisumu, kisha reli mpaka pwani. Bahasha hii ilipita yote hayo mara mbili. Bila stempu yake, alisema, mnunuzi ataitoa dosari na bei itakuwa ndogo. Lakini katika miaka yake yote ya kukusanya hakuwahi kuiona nyingine ya safari hiyo, na katika mkoa ambao ofisi, shule na sakristia zimechomwa mara nyingi hivi, hakutarajia kuiona. Hakutuuliza zile 11 zilikuwa na nini mgongoni. Hatukuwa tumezigeuza.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kimya hadi tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani. Hapo tuligawanyika. Wawili wetu walisema Mama asiambiwe: hajui bahasha ni nini, atauza kadi, atashukuru, na huzuni ya bure haijengi mtu. Mmoja alisema tuambie nusu, kwamba ziliharibika kwa unyevu wa kuvuka ziwa. Uongo huo ulikuwa mzuri sana, ungeweza hata kuaminika. Tuliubeba kwa siku tisa. Tulihudhuria mkutano wa vijana tukiwa nao, tukaimba kwaya tukiwa nao, na kila tulipopita mbele ya nyumba yake tulizungukia upande wa soko la samaki.

Siku ya kumi tulikwenda wote watano. Tulimweleza tangu habari ya Wagner mpaka sufuria ya maharage, tukamwomba radhi pia kwa kumwambia kwamba Mungu amemkumbuka hali tulikuwa tumekumbuka milioni saba. Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Hakusimama. Alipomaliza sinia aliuliza kwa sauti ya chini:

«Hata ile yenye penseli?»

Hatukujua penseli ipi. Akatueleza kwamba marehemu, alipokuwa mtoto wa shule ya msingi, alijifunzia kuandika jina lake nyuma ya bahasha moja ya baba yake, kwa sababu daftari halikuwepo. Aliliandika mara nyingi, kuanzia juu mpaka chini, herufi zikinyooka kadiri alivyoteremka. Alimwonyesha mkewe walipooana, na walikuwa wakicheka.

Tulikimbilia bati. Tuliigeuza ile ya Irumu na Mombasa mara tatu mbele ya mlango. Ilikuwa na mihuri tu.

Kadi zilinunuliwa na mfanyabiashara mmoja aliyepita Bunia, kwa dola 90 zote kwa pamoja, baada ya Mwalimu kumwandikia Mama bei ya chini asiyopaswa kushuka. Zilitosha muhula wa kwanza na sehemu ya wa pili. Muhula wa tatu tuliubeba sisi, kwa zamu, kwa fedha za dagaa na za kubeba mizigo gatini, na hilo tulimwahidi bila yeye kulidai. Bahasha ya kumi na mbili hakuiuza. Ameiweka ndani ya plastiki pamoja na kadi za ubatizo za watoto wake, mahali anapoweza kuinyakua kwa mkono mmoja ikibidi.

Siku tuliyomletea zile dola 90 alizihesabu, akazikunja, kisha akaenda chumbani akarudi na gazeti lenye stempu 31, safi, zimenyooka, tembo na meli na maporomoko. Akatukabidhi.

«Chukueni, wanangu. Ndizo mlizozitafuta».

Tunazo mpaka leo, ndani ya daftari la shule, na hatujampelekea mtu yeyote azitazame.